Pua Niliyoachiwa na Nkambo

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, ukizaliwa na pua ndefu, mtaa mzima unajua kabla hujajua mwenyewe. Na yangu haikuwa ndefu ya kubahatisha. Ilianza kwa adabu kati ya macho, ikapanda kinundu, kisha ikateremka hadi karibu na mdomo, utadhani inataka kuonja chakula kabla yangu. Watoto wa shule walisema pua yangu inafika darasani kengele ikilia, mimi mwenyewe nafika wakati wa mapumziko. Niliwajibu kwa mdomo, na mdomo ulipokuwa hautoshi niliwajibu kwa ngumi. Nilipokuwa mkubwa polisi walinisimamisha mjini mara mbili kuniuliza nimetoka nchi gani. Nimetoka Katuba, niliwaambia, na kama hamuamini twendeni kwa padri aliyenibatiza.

Lakini kilichonichosha si kicheko cha watu. Kilichonichosha ni machozi yao.

Ngoja nieleze. Watu wa baba yangu wametoka kaskazini, kule reli inakopita, na mama yake alikufa wakati baba angali anajifunza kutembea. Picha yake haipo. Ilikuwapo moja, wanasema, ikapotea pamoja na sanduku siku familia ilipohamia Lubumbashi. Basi mimi, binti wa kwanza, nikapewa jina la huyo nkambo, yaani bibi yangu. Na kwetu ukibeba jina la mtu umembeba mtu mzima. Tangu siku niliyozaliwa baba aliniita "mama". Alikuwa hanigombezi bila kuniomba radhi kwanza, na akinunua kitenge alinipa mimi nichague kabla ya mkewe.

Hayo yote ni ya kawaida, nyumba nyingi ziko hivyo. Tatizo lilikuja nilipofika miaka kumi na nne, pua ilipomaliza kutokeza. Dada mkubwa wa baba, shangazi yetu anayeishi Kabalo, kulekule kaskazini, alikuja kutusalimia. Mama yao alipokufa, shangazi alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka. Akanikuta mlangoni na ndoo ya maji, akapiga magoti palepale chini, akalia. Akamwambia baba: ni yeye, ni pua ileile.

Kuanzia hapo nikawa picha. Mgeni yeyote akitoka kaskazini, naitwa. Geuka upande, mama. Geuka tena. Wazee wananishika kidevu, wanatoa machozi, wanapangusa, wanaenda kula bukari, ugali wetu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza niko darasa gani au napenda nini. Nilisimama ubavu kama mbuzi wa sokoni, nikingoja waniache nirudi kwenye vyombo.

Nampenda baba yangu, niseme wazi kabla mtu hajanifikiria vibaya. Lakini nikichambua maharage nilihisi macho yake, nikainua kichwa, nikajua haniangalii mimi. Anamtafuta mwanamke asiyemkumbuka. Sasa wewe ni mtu gani wa kumkasirikia yatima kwa kuwa anamtafuta mama yake? Nilikasirika hivyohivyo. Halafu nikaona haya, halafu nikakasirika tena.

Nilipomaliza masomo nikapata kazi upande wa Kinsevere, kwenye maabara inayosaga mawe ya mgodi ili kupima shaba yake. Vumbi huko si la mchezo, na barakoa ya vumbi ilikuwa hainikai. Juu inabana, kando inaachia. Siku moja nikiwa nakohoa, mwenzangu wa kazi akaniambia kuna daktari anayekuja mara kwa mara kwenye kliniki moja ya mtaa wa Golf, anatengeneza pua, za waliovunjika na za wasiovunjika. Alisema kwa utani. Mimi sikucheka. Nilijiwekea akiba kimya kimya, na ilipotimia nikaenda kumwambia baba.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, anapaka rangi viatu vyake vya kanisani. Nilieleza yote: daktari, kliniki, siku. Hakupandisha sauti. Aliweka kiatu chini akaniuliza:

"Mama, ukikata ile pua, mi nitamuona wapi tena?"

Wewe ungemjibu nini? Wiki tatu nzima tukawa watu wa salamu tu, asubuhi njema, usiku mwema. Hata siku ya kwanza niliyopangiwa niliifuta. Nilijiambia basi, Mungu amenipa kazi ya kuwa picha, nitakufa nayo.

Aliyevunja ukimya ni mama yangu mzazi, na huyo akinyamaza muda mrefu ujue anachemsha kitu. Miaka thelathini na minne aliishi na mama mkwe aliyemzaa mwenyewe. Tulikuwa mezani. Akaweka kijiko, akamwangalia mumewe.

"Ule mama yako alikufaka," alisema. "Huyu eko mutoto yangu mi."

Baba hakumaliza chakula. Akavaa kofia akatoka, na mimi na mama tukabaki tunaangaliana, kila mmoja akidhani ndiye aliyeharibu mambo. Alirudi jua likiwa bado juu, ameshika kipande cha pemba kwenye karatasi, ule udongo mweupe wa kubarikia ambao wazee wa kwetu hawauachi hata wakipokea komunyo kila Jumapili. Akanipaka kwenye paji la uso, akanipaka mikononi. Kisha akaweka kidole gumba kati ya macho yangu akakishusha juu ya pua, polepole, kinundu, mteremko, mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyelia, na sikujificha.

Nilipanga siku nyingine, na asubuhi yake nikajipaka pemba iliyobaki. Kliniki, muuguzi alipoona kile cheupe usoni akanigombeza: si tuliwaambia msije na poda? Akakifuta kwa pamba. Nikacheka. Akanifunga nywele kwa kitambaa, akanisimamisha mbele ya ukuta wa kijivu, akanipiga picha: mbele, chini, ubavu. Usicheke, aliniambia, usifanye kitu na uso. Daktari akaja akaeleza kwa mara ya mwisho kwamba atasugua mfupa wa kinundu, atapunguza gegedu, atainua ncha kidogo. Ataipunguza, hataifuta. Nitabaki mtu wa kwetu.

Nilipozinduka nilikuwa napumua kwa mdomo, plasta imenikaa usoni, macho yamevimba kama ya bondia aliyeshindwa. Muuguzi akaniambia kuna mzee koridoni tangu saa moja asubuhi. Baba. Hakuwa ameniambia kama atakuja. Amevaa viatu vya kanisani, amebeba termos ya chai ambayo sikuweza kuinywa hata tone moja. Akakaa nayo mapajani mpaka jioni. Mpaka leo nikimkumbuka vile, namshukuru Mungu kwa baba huyu, na ningekuwa na baba kumi ningemchagua yuleyule.

Plasta ilipotoka niliangalia kwenye kioo nikaona pua. Pua tu! Ya mtu anayepita njiani na hakuna anayegeuka. Kazini barakoa ikanikaa vizuri, nikapumua bila kukohoa. Nilijisikia mwepesi wiki nzima, natembea natabasamu peke yangu. Ila baba aliniangalia mara moja tu siku ile ya plasta, kisha akaangalia sakafu. Aliendelea kuniita mama, lakini kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyojua kama ina watu. Hilo liliniuma kuliko sindano zote za Golf.

Nilipokwenda kuonwa na daktari mara ya pili nikaomba zile picha za kabla. Walinichapia. Ile ya ubavu nikaifunga kwenye gazeti nikampa baba, nikamwambia hii ni yako, iangalie kila ukitaka. Aliishika muda mrefu sana. Kesho yake akaipeleka kwa mpiga picha wa sokoni aikuze na aitie kwenye fremu.

Sasa fikiria. Mzee, kofia mkononi, analeta picha ya mwanamke aliyefunga kitambaa, asiyecheka, uso umekakamaa. Mpiga picha wa mji huu atawaza nini? Aliwaza matanga. Na kwa heshima hakuuliza. Akaifanya nyeusi na nyeupe, akaweka mawingu nyuma, akampa baba pole ya msiba. Baba, jinsi alivyo na adabu, akajibu asante.

Ilipotundikwa sebuleni mama nusura aitupe nje. Atatundikaje ukutani mtoto aliye hai kama marehemu? Baba akamwambia huyu si mtoto wako, huyu ni mama yangu. Nilicheka mpaka pua mpya ikaniuma.

Kiangazi shangazi akaja kwa treni kutoka Kabalo, sasa mzee, anatembea na fimbo. Tangu ile siku ya ndoo hatukuwa tumeonana, na habari za Golf hakuna aliyempelekea. Aliingia, akainua macho ukutani, fimbo ikaanguka. Akakaa chini sakafuni na miguu yake ikanyooka mbele.

"Mama," alisema. Akalia. Halafu hasira ikamjia, akamgeukia mdogo wake: "Mulikuwa na foto ya mama, na hamukuniambiaka?"

Alimpa vidonge vyake kweli kweli. Miaka yote hii, alisema, nasahau uso wa mama kidogo kidogo, na nyinyi mmeuficha Lubumbashi. Akanyoosha kidole: hata hilo jicho la kando, hivyo ndivyo alivyotuangalia tukikataa kwenda mtoni. Mama yangu aliweka kiganja mdomoni. Mimi nilingoja baba aseme ukweli. Hakusema. Alisimama mikono imelegea, mzee wa miaka sabini, akimsikiliza mtu pekee duniani anayeukumbuka uso ule akimhakikishia kwamba ndio huu. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeonyeshwa kitu. Nilishukuru kwamba hakusema.

Shangazi akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Tulimwinua, tukamkalisha kwenye kiti, na nilipokuwa namrudishia fimbo yake akaniona. Aliniangalia toka kichwani hadi miguuni, taratibu, vile unavyomwangalia mtu usiyemjua.

"Na huyu eko nani?"

Baba akafungua mdomo. Nililijua neno lililokuwa linakuja, nikamtangulia.

"Niko mutoto yake, tantine."

Shangazi akamgeukia kuhakikisha. Baba akaangalia ukutani, kisha akaniangalia mimi, na safari hii macho hayakwenda sakafuni.

"Ndiyo," alisema. "Huyu eko mutoto yangu."

Maisha yangu yote sikuwa nimelisikia neno hilo mdomoni mwake likiwa langu. Nilikwenda jikoni kumchotea shangazi maji ya kunywa, nikakawia huko kidogo.