Upande wa Kushoto wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa kushona hapa Kasongo, na watu walitoka hata ng'ambo ya Lualaba kumletea vitambaa vyao. Mimi ni mtu wa Wamaza, upande wa Kabambare, mtoto wa wakulima. Nilipoolewa sikujua hata kutia uzi kwenye sindano. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga pindo na kukaza vifungo. Tulikaa barazani, yeye kwenye mashini yake, mimi upande wake wa kushoto, kwa sababu upande wa kuume aliweka mkasi na pasi ya makaa. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka saba. Watoto wawili walizaliwa, na sikumbuki siku aliyonisemesha kwa ukali.

Ilikuwa bado wakati wa Wabelgiji. Siku moja, katika masika, alikwenda kupeleka sare za watoto wa shule kwenye misheni ya mbali. Alipanda kinga, ndivyo tunavyoita baisikeli. Wakati wa kurudi, kwenye daraja la magogo, gurudumu likazama kati ya magogo mawili. Akarushwa mbele, na kichwa chake kikapiga gogo upande wa kuume. Watu waliokuwa kwenye kazi ya barabara wakakata miti, wakafanya machela, wakambeba mpaka hospitali.

Siku tisa hakusema neno. Siku ya kumi aliomba maji, na mimi nikalia kama mtu aliyefiwa. Baada ya miezi miwili walimruhusu kurudi nyumbani. Mguu wa kushoto aliuburura kidogo, na mkono wa kushoto ulikuwa mzito, lakini kusema alisema vizuri. Alikumbuka majina ya wateja, alikumbuka vipimo vyao, alicheka na majirani. Watu wakaniambia, "Shukuru Mungu, mama. Akili iko yote."

Mimi mwenyewe nilishukuru, siku za kwanza. Kisha mambo ya sahani yakaanza.

Nilimwekea bugali na sombe, majani ya muhogo, kama kawaida. Akala, akasukuma sahani, akasema, "Leo tena umenipimia chakula." Nikatazama sahani. Nusu ya bugali ilikuwa bado ipo, haijaguswa, imekatwa kama kwa kisu. Nikafikiri ananitania. Nikamwambia, "Maliza basi hiki kilichobaki." Akasema, "Kipi kilichobaki? Unanicheka kwa sababu mimi mugonjwa?" Na uso wake haukuwa na mzaha.

Ikawa hivyo kila siku. Niliongeza chakula, akala nusu, akalalamika njaa. Nikimwita kutoka upande wa mlango hakugeuka, au aligeuka upande mwingine, akautazama ukuta na kuujibu. Nikikaa mahali pangu pa siku zote, kushoto kwake, angeweza kupitisha mchana mzima bila kunitazama hata mara moja. Lakini jirani akija na kusimama upande wa pasi, alimkaribisha kwa furaha. Alinyoa ndevu nusu uso. Alikata shati la mwalimu mmoja, akalishona siku mbili, akamkabidhi likiwa na mkono mmoja. Mwalimu alilipokea kimya, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nilijiuliza nimemkosea nini. Wanawake wa jirani walikuwa na majibu yao. Mmoja alisema kuna mtu amemfunga kwa dawa. Mwingine alisema mwanamume akichoka na mke wake huanza hivyo hivyo, kwa sahani. Huyo wa pili ndiye niliyemwamini, kwa sababu maneno yake yaliniuma zaidi.

Yaya yangu, kaka yangu mkubwa, alikuja kutoka Wamaza kumpa pole. Alitembea siku nyingi akiwa na jogoo na mchele kwenye kikapu. Tulimpa kiti barazani, na kwa bahati mbaya kiti kile kilikuwa upande wa kushoto. Mume wangu hakumsalimia. Yaya alisema, "Jambo, shemeji," mara mbili. Mume wangu akaendelea kuongea na mimi, niliyekuwa nimesimama mbele yake, akauliza jogoo anayewika ni wa nani. Tulipoleta maji ya kunawa, alinawa, akaweka bakuli chini bila kumpa mgeni.

Kesho yake asubuhi yaya alifunga kikapu chake. Akaniambia, "Mimi si mutoto. Mutu hataki kuniona nyumbani mwake, nimefahamu. Mpunga ukivunwa nitarudi kukuchukua wewe na watoto. Hapa hakuna ndoa tena."

Sikuweza kumbishia. Nilikuwa nimechoka.

Wiki ile ile ilikuwa zamu ya mume wangu kurudi hospitali kutazamwa. Kulikuwa na sista mmoja mzungu, mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya mwashi. Kwao alikuwa amejifunza kazi ya kuwasaidia watu walioumia vitani warudi kwenye kazi za mikono yao, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini safi. Aliniambia niingie pia. "Wewe ndiye unaishi naye," alisema. "Kaa hapa, usimsaidie kitu."

Alianza na mikono. Akamwomba mume wangu aminye vidole vyake kwa nguvu, kwanza kuume, kisha kushoto. Akamwambia aguse kila kidole kwa kidole gumba, kimoja kimoja. Akamwagia maharage mezani, akamwambia ayatie kikombeni kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine. Mkono wa kushoto ulikwenda polepole, ukaangusha machache, lakini ulimaliza. Sista aliandika.

Kisha akamfumbisha macho. Akamgusa kwa pamba kwenye mkono wa kuume. "Iko," mume wangu akasema. Akamgusa wa kushoto. "Iko." Akamwekea ufunguo kwenye kiganja cha kushoto. Aliugeuza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ufunguo wa kufuli." Mimi nikafurahi moyoni. Halafu sista akachukua vipande viwili vya pamba, akamgusa mikono yote miwili kwa wakati mmoja.

"Nimegusa wapi?"

"Kuume."

Akarudia. "Wapi?"

"Kuume, Sista. Kuume tu."

Sista aliandika tena. Alimwuliza maneno sasa. Alimtajia ndizi, mkasi na mvua, akazungumza naye habari nyingine, kisha akamwuliza ni vitu gani alivyomtajia. Alivikumbuka vyote. Akamwuliza, "Ukishona shati, unaanza na nini?" Mume wangu akaeleza kuanzia kipimo cha shingo mpaka kifungo cha mwisho, bila kuruka hatua, na sauti yake ilikuwa ile ile ya ufundi niliyoipenda. Sista akampa karatasi. "Nichoree shati hilo."

Alichora kola nusu. Alichora bega la kuume, mkono wa kuume, mfuko na vifungo. Akaweka kalamu chini, akaridhika.

Nilifungua mdomo. Sista akanitazama, nikaufunga.

Mwishoni alileta sinia, akatawanya vifungo vingi vya kila rangi, sinia nzima. "Niokotee vyote."

Mume wangu aliokota kwa haraka, kama mtu aliye kazini kwake. Vifungo vya upande wa kuume vikaisha. Akafuta vidole kwenye suruali. "Nimemaliza."

"Vyote?"

"Vyote, Sista. Sinia ni tupu."

Sista akashika sinia kwa mikono miwili na kuizungusha taratibu, ule upande wa kushoto ukaja kuume. Mume wangu akarudi nyuma kwenye kiti. Alivitazama vile vifungo kwa hofu, na mimi sijasahau hofu ile.

"Nani ameviweka?"

"Vilikuwa hapo," sista akamjibu. "Hakuna mutu aliyeviweka."

Mume wangu alinyoosha mkono, akagusa kimoja, akauondoa.

Ndipo sista akanigeukia. "Nyumbani anafanya nini, mama? Niambie yote."

Nilikusudia kumwambia habari ya shati la mwalimu. Badala yake nilijisikia nikisema, "Hanitazami." Kisha yote yakatoka: sahani, ndevu, yaya yangu, maneno ya jirani. Nililia mbele ya mzungu, jambo ambalo sikuwahi kufanya.

Sista alingoja mpaka nikamaliza. Akasema, "Mama, huyu hakukatai. Macho yake ni mazima, ngozi yake inasikia, akili yake inakumbuka. Lakini pale kichwa kilipopigwa, ndipo mutu anapoujua upande wake wa kushoto. Upande ule kwake ni kama haupo. Wewe unakaa wapi mkiwa barazani?"

"Kushoto."

"Basi unakaa mahali ambapo kwake si mahali."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole kwa ajili ya ule mguu. Nilitembea upande wake wa kuume. Tulipokaribia soko alisimama, akauliza bila kunitazama, "Siku hizi zote, ulikuwa unakaa pembeni yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilifikiri umeanza kukaa kwa jirani. Nilisema moyoni, amenichoka kwa sababu ya mkono huu."

Nilimshika mkono, ule wa kuume, na watu wa soko wakatutazama, maana mambo hayo hayakuwa desturi.

Sista alimwita mara mbili kwa wiki. Alitia uzi mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kila kitambaa, akamfundisha, "Usikate mpaka umeuona wekundu." Nyumbani nilifunga utepe mwekundu kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto. Sahani niliizungusha katikati ya chakula, na mwanzoni alicheka kwa aibu, baadaye alijizungushia mwenyewe. Kitanda tulikigeuza, mlango ukawa kuume kwake. Siku nyingine ilikuwa kazi bure. Alikasirika, akautupa mkasi, akasema yeye si mutoto wa kufundishwa kutazama. Niliuokota. Siku nyingine aliuona wekundu bila kuambiwa.

Mpunga ulipovunwa yaya alirudi, kama alivyoahidi. Nilikuwa nimemtumia habari kwa dereva wa lori la pamba, lakini alipofika niliona usoni kwamba hakuiamini. Hapo nikafanya jambo ambalo sijui kama lilikuwa sawa. Nilimpa kiti kile kile, upande wa kushoto, nikamwambia asalimie. Alisalimia. Mume wangu hakujibu. Uso wa yaya ukakunjamana. Nikamshika mkono, nikamzungusha, nikamsimamisha upande wa pasi. "Salimia tena."

"Jambo, shemeji."

Mume wangu akainuka, mguu ukimlemea. "Shemeji! Umefika saa ngapi? Mama, kwa nini mgeni amesimama?"

Yaya alirudi kushoto peke yake, hatua nne tu, akamwita mume wangu kwa jina kwa sauti ya chini, akaona yale macho yakimtafuta kwingine. Alikaa chini kwenye ukingo wa baraza. "Pole, ndugu yangu," alisema. "Nilikuhukumu."

Walikula pamoja siku ile, yaya akiwa kuume, na walizungumza habari za mvua na njia ya Kabambare iliyoharibika. Watoto wangu hawakwenda Wamaza, wala mimi sikwenda.

Lakini yaya alipokwenda kuoga, mume wangu aliniambia, "Ulinijaribu mbele yake. Kama ile sinia."

"Nilitaka akuelewe."

"Najua. Usifanye tena. Siku hizi hata Sista ananiuliza kwanza."

Alisema kweli. Nilimwomba radhi, na tangu siku ile, mgeni akija, nilimwambia mume wangu wazi, "Baba, kushoto kuna mutu," naye aligeuza kichwa, akatafuta, wakati mwingine kwa muda mrefu hata mgeni akaona haya, mpaka akampata.

Mashati hakushona tena. Alijaribu mawili, akayafumua mwenyewe, akasema hawezi kuwavisha watu aibu. Alishona mashuka ya hospitali na vitambaa vya mezani vya misheni, vitu vyenye kingo nne zilizonyooka, na pindo zake zilikuwa safi. Mimi ndiye niliyechukua kazi ya mashati. Yeye alipima na kukata nusu ya kuume, mimi nikakata ya kushoto, na wateja walizoea kutukuta tumeinama pamoja juu ya kitambaa kimoja. Sista alihamishwa kwenda misheni nyingine kabla ya mwaka kuisha. Siku ya kuaga alimfumbisha mume wangu macho, akamgusa mikono yote miwili kwa pamba.

Mume wangu alikawia. "Kuume," alisema. Kisha, "Na kushoto, nafikiri. Kidogo."

Sista aliandika neno hilo pia, lile la "nafikiri".