Masikio ya Kaskazini, Mikutano ya Don Mills

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilipata kazi katika ofisi moja ya hisani kule Don Mills, Toronto, iliyojitangaza kwamba inaokoa masikio ya watoto wa Wenyeji wa Asili, watu walioishi Kanada kabla mtu yeyote hajaiita Kanada. Nilikuwa nimesomea uuguzi nyumbani Tanzania, lakini Toronto vyeti vyangu havikumshtua mtu. Kazi yangu ikawa kuwapokea wagonjwa kutoka kaskazini, kuwapeleka hospitali na kuwarudisha walikofikia. Kazi ya wakubwa zangu ilikuwa mikutano.

Sijapata kuona watu wanaozungumzia masikio kiasi kile na wasiotaka kuyasogelea. Walikuwa na vikombe vya kahawa vyenye picha ya sikio. Walikuwa na sikio la manyoya, lenye macho na miguu, lililoshonwa ili liwafundishe watoto usafi. Lilikaa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kupanda ndege ndogo kulipeleka. Mkurugenzi wetu alikuwa amefika kaskazini mara moja tu, tena wakati wa kiangazi. Alirudi na koti la ngozi lenye shanga, na tangu siku hiyo kila sentensi yake ikaanza na "Nilipokuwa kaskazini."

Nilipowasimulia kina mama wenzangu wa mtaa wa Parkdale, wahamiaji kama mimi, baada ya ibada, kwamba kuna watoto humu humu Kanada wanaotokwa usaha masikioni mwaka hadi mwaka mpaka ngoma ya sikio inatoboka, waliniangalia kama mtu anayetunga.

"Kanada hii hii?" mmoja akaniuliza. "Acha masihara, dada. Labda hawapendi kuoga."

Aliyesema hivyo alikuwa amevuka bahari kuifuata nchi hii, na hakuwa tayari kuambiwa kwamba ina uchafu wake. Nilimdharau kwa jibu lile, ingawa chai yake niliimaliza.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja walikuja bibi na mjukuu wake, Wakri, kabila mojawapo la Wenyeji hao wa Asili, wa kijiji kisichofikika kwa gari. Binti alikuwa na umri wa miaka minane hivi, mwembamba, mwenye tabia ya kumkodolea mtu macho midomoni anapoongea. Masikio yake yalianza kuvuja usaha akiwa mchanga. Nyumbani kwao watu wengi walilala chumba kimoja chenye ukungu ukutani, mafua yakizunguka kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, na nesi alikuja akaondoka, akaja mwingine akaondoka. Shuleni mwalimu alimwona mkaidi kwa sababu haitikii akiitwa. Alikaa nyuma ya darasa akichora, na kila mwaka akazidi kuachwa. Sasa daktari wa Toronto angemziba tundu la ngoma ya sikio la kulia.

Nilimwambia yule bibi kwamba kwetu mwanamke wa umri wake ninamwita Bibi, naye akasema neno hilo halina ubaya. Yeye akaniita binti. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Siku ya kwanza nilipompitisha ofisini, alilitazama lile sikio la manyoya ndani ya kabati, kisha akaniuliza, "Hili ni la nani?"

"La watoto wa kwenu, Bibi."

"Mbona liko huku?"

Tukapanda lifti.

Mkurugenzi alimpokea kwa mikono yote miwili na kumweleza, polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba kiziwi ni yeye, jinsi mradi unavyosonga mbele. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema shida yao. Darasa la mjukuu wake lilihitaji spika na kipaza sauti kidogo cha mwalimu kuvaa shingoni, kwa sababu nusu ya watoto hawamsikii. Daktari angetibu sikio la mtoto mmoja. Na wale wengine?

"Ombi zuri sana," mkurugenzi akasema. "Tutaliingiza kwenye mazungumzo."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada ya siku chache daktari alimfungua binti bandeji, akabakiza kipande kidogo cha pamba sikioni, akasema asiingize maji. Nilipopeleka habari hiyo ofisini nilidhani watafurahi. Mkurugenzi alikunja uso.

"Wamemfungua tayari? Hafla yetu ni keshokutwa."

Hafla yenyewe ilikuwa chakula cha mchana katika hoteli ya katikati ya jiji, kwa ajili ya wafadhili. Bibi na binti walikuwa wamealikwa kupanda jukwaani.

"Huwezi kumfunga tena?" akaniuliza. "Wewe si ni nesi? Kidogo tu, kwa ajili ya picha. Watu wanahitaji kuona."

Miaka mingi nilikuwa nimesubiri mtu yeyote Toronto aniite nesi. Aliyeniita alikuwa huyu, na kwa kazi hii. Nilimjibu kwamba kichwa cha mtoto hakina kidonda cha kufungwa. Akanitaka nikamwulize bibi yake.

Nilikwenda na kumwambia neno kwa neno. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema, "Mwambie aje anifunge mimi."

Siku ya hafla walikuja, binti akiwa amesukwa nywele na kupendeza, kichwa wazi. Mkurugenzi alikuwa ndani ya koti lake la shanga. Alimtambulisha Bibi kwa maneno marefu kuliko jina la kijiji chao, ambalo alilikosea, kisha akampa kipaza sauti. Bibi akaanza kusema kwa Kikri. Alisema taratibu, bila kupandisha sauti, akinyoosha mkono mara kwa mara kuelekea meza za mbele. Hakuna aliyeelewa neno. Hakukuwa na mkalimani, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba angekuwa na la kusema. Hata hivyo mabibi wa meza za mbele walianza kujifuta machozi. Alipotua kuvuta pumzi, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi, muziki ukawashwa, na mpiga picha akawasogeza kando.

Ndani ya gari nilimwuliza, "Ulisema nini, Bibi?"

"Nilisema supu imepoa. Nikasema hatuna nesi tangu vuli. Nikasema tunataka zile spika, na kwamba huyo mwanamume amevaa koti la kike." Akatazama nje ya dirisha. "Nilitaka nirudie kwa Kiingereza. Wakapiga makofi."

Binti akavuta mkono wa bibi yake ili aambiwe kinachochekesha. Bibi akamgeuzia uso ili aione midomo yake, akamwambia. Wakacheka wote wawili hadi mlangoni pa nyumba walikofikia.

Walirudi kwao. Ofisi haikuwapelekea spika. Mwaka uliofuata kijiji kiliandaa mashindano ya mpira wa magongo wa barafuni na bingo, mchezo wa kubahatisha namba, wakachanga pesa wakazinunua wenyewe, na mwalimu akazifunga mwenyewe ukutani. Ripoti yetu ya mwaka ilipotoka, picha ya darasa lile, spika zikionekana ukutani, ilikuwa kwenye jalada, pamoja na maneno ya kutusifu.

Nilinyoosha mkono mkutanoni. "Spika hizi hatukuzinunua sisi."

"Tulichangia mwamko," mkurugenzi akasema.

Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Nilizitazama sura zile moja moja, watu waliosoma, wenye watoto wenye masikio mazima, nikaona hakuna hata mmoja anayeona haya. Mwezi ule ule niliacha kazi. Nikapata nyingine katika kliniki ya masikio upande wa magharibi, ya kuosha vifaa vya daktari na kuwapanga wagonjwa kwenye foleni, na niliiona ya heshima zaidi.

Bibi alikuwa na namba yangu. Alinipigia mchana mmoja wa majira ya kuchipua, akanisalimia, akampa binti simu. Nilimwuliza anaendeleaje shuleni.

"Mwalimu anaongea sana," akalalamika. "Sikujua kwamba anaongea hivi."

"Na anasema nini?"

"Mengi hayana maana," akasema, kisha akaniaga, kwa sababu nje wenzake walikuwa wanamwita na alikuwa amewasikia.