Wanajua Ukoo wa Dume

Baba zangu wadogo wanajua ng'ombe. Wakiletewa dume la kununua, hawatazami pembe wala rangi. Wanauliza mama yake alikuwa na maziwa kiasi gani, na bibi yake je. Wakiambiwa yalikuwa haba, wanaondoka bila hata kuuliza bei. "Damu haidanganyi," husema, wakitema mate.

Ni watu haohao niliowaambia, siku tulipomaliza matanga ya kaka yangu mkubwa kule Kabungu, kwamba baba alikufa kwa saratani ya figo, kaka naye amekufa kwa saratani ileile akiwa bado mtu wa makamo, kwa hiyo sisi wa damu hii tukapimwe. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma kwa miezi, na daktari wa mjini alinithibitishia: si hukumu, ila hatari yetu ni kubwa kuliko ya jirani.

Baba mdogo mmoja alicheka mpaka akakohoa. "Mmesikia? Tumekaa hapa kugawa ng'ombe, mwenzetu anagawa figo!"

"Mimi nipe ya kushoto," akadakia mwingine.

Hata waliokuwa wakilia walicheka. Shangazi akanionya nisiutaje ugonjwa, nitauita. Nilijiuliza wale marehemu wawili nani aliwaitia.

Mdogo wangu hakucheka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilimkuta nyuma ya zizi anavuta sigara, nikamuuliza mkojo wake ukoje.

"Una damu kidogo, kaka. Kichocho tu. Nalima mpunga, ulitegemea nini?"

"Umepima?"

"Duka la dawa wamenipa vidonge. Mara ya pili hii."

"Unasikia maumivu?"

"Hata kidogo. Ndiyo maana nakwambia ni kichocho."

Baba naye alimeza vidonge hivyo, akasifiwa kwa uvumilivu. Kwetu damu ya mkojo ina jina tayari, na anayetaka kupima anaitwa mwoga. Sijaona ujinga unaojiamini kiasi hicho.

Asubuhi nilimpandisha bodaboda hadi Mpanda. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye figo moja, bado mdogo. Akapelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa, wakaitoa figo hiyo. Baba wadogo wakatoa maelezo bila kuulizwa: amerogwa na majirani wenye wivu. Wao hawajapima mpaka leo. Nimeacha kuwabembeleza.

Mdogo wangu sasa anaishi kwangu Makanyagio, mjini Mpanda. Daktari alimkataza sigara, akamtaka apunguze mwili na chumvi, presha yake iangaliwe, na asitafune dawa za maumivu kama karanga kila akitoka shambani. Chumvi ameiweza kwa sababu mke wangu ndiye mpishi. Jioni anatembea, akinung'unika njia nzima kama mtu anayepelekwa mahakamani. Mimi natembea naye. Figo zangu hutazamwa kila mwaka; hadi sasa ni safi, na sijipi sifa kwa hilo.

Juzi shati lake lilinuka moshi.

"Nilikaa na wavutaji, kaka."

"Na wakakuvutia mdomoni mwako?"

Akaangalia pembeni. Amebakiwa na figo moja, na bado anadanganya kama mtoto aliyelamba sukari. Nilimkumbusha kwamba anatakiwa kurudi kupimwa Jumatatu. Akasema atakwenda mwenyewe, yeye ni mtu mzima. Nimeshaongea na dereva wa bajaji aje atuchukue wote wawili.