Domina na Mlango wa Bafu

Domina alitoka Bukoba kuja Maryland kulea watoto wa watu. Alipochoka na kazi hiyo, akajifunza kupanga vigae kwa jirani yake wa Silver Spring, fundi kutoka El Salvador. Kufikia mwaka 2006 alikuwa na gari lake, mashine yake ya kukatia, na magoti yaliyomuuma kila asubuhi.

Mwezi Machi alipata kazi Gaithersburg, kwa nesi Mkenya aitwaye Bridget, aliyetaka bafu la ghorofani litengenezwe upya. Bridget alikuwa na kovu bichi juu ya jicho. Alimwambia Domina kwamba mumewe, Kiplagat, hakai hapo tena. Korti ilimkataza hata kukaribia.

Siku ya pili Domina alikuwa amepiga magoti, akibandika vigae ukutani, aliposikia kioo cha mlango wa chini kikivunjika. Bridget akapanda ngazi mbio, akaingia bafuni miguu mitupu.

"Ni yeye," alisema. "Ako na nyundo."

Domina akafunga mlango kwa komeo, akampa simu yake. "Piga polisi, dada. Usimjibu."

Milango ya nyumba zile ni mbao nyembamba, ndani tupu. Pigo la tatu likautoboa. Mkono ukapenya, ukipapasa komeo.

"Bridget, fungua. Nataka tuongee tu."

Domina akaokota kipande cha kigae kilichokatwa, akaukata ule mkono hadi damu ikaruka kwenye saruji mbichi. Kiplagat akanguruma, akauvunja mlango kwa bega. Nyundo ikampata Domina juu ya kifua. Akasikia mfupa wa mtulinga ukikatika. Alipoanguka, mdomo wake uligonga ukingo wa beseni la kuogea, na meno mawili yakatoka.

Kiplagat akamruka, akamkamata Bridget nywele, akambamiza kichwa ukutani. Vigae vilivyobandikwa asubuhi ile vikaanza kudondoka, kimoja kimoja.

"Umeniaibisha," alimwambia, akimbamiza tena. "Mbele ya watu wetu wote."

Domina akashika mwiko wake wa kupakia saruji, ule wenye meno, na kumchoma nao nyuma ya goti kwa nguvu zote zilizobaki. Kiplagat akaanguka. Nyundo ikamtoka. Domina akaiokota, akampiga goti lilelile, akainyanyua tena, safari hii akilenga kichwa.

"Dada, wacha," Bridget alisema, damu ikimtiririka machoni. "Tafadhali wacha."

Mkono wa Domina ukabaki juu. Hivyo ndivyo polisi walivyomkuta. Wakamwelekezea bastola, wakamlaza kifudifudi juu ya vigae vilivyovunjika, wakauvuta mgongoni mkono wa upande ule wenye mfupa uliovunjika. Alizimia kabla Bridget hajamaliza kueleza mwenye nyumba ni nani na mshambuliaji ni nani.

Kiplagat alifungwa. Bridget alishonwa kichwa, akauza nyumba, akahamia Falls Church kwa dada yake. Aliwahi kumuuliza Domina kama angempiga kweli kichwani.

"Ningempiga," Domina alijibu. "Sitaki kukudanganya. Niliposikia sauti yako nilikasirika nawe."

Mtulinga uliunga vibaya. Hawezi kuinua mkono kupita bega, kwa hiyo kuta amemwachia yule jirani aliyemfundisha, na yeye hupanga sakafu tu.