Mpiga Gitaa Wangu na Sanduku la Folklore

Mwaka niliomaliza masomo ya jioni, hapakuwa na muntu Kalemie nzima mwenye akili kama zangu. Cheti changu kilikuwa kizito kiasi cha kuzamisha mtumbwi. Ndiyo maana komite ya serkle, kile kilabu cha makarani walichochezea dansi kila Jumapili baada ya misa, ilinikabidhi santuri zake zote nizipange. Zilikuwa nyingi kuliko ndagala wa ziwani.

Nikatafuta masanduku manne ya sabuni, nikayaandika kwa chaki: Rumba, Kizungu, Dini, na Folklore, yaani ngoma za kijijini. Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwamba kila kiumbe kina nyumba moja tu, hata popo. Basi nikatunga sheria: nitasikiliza mwanzo, kabla muntu hajaimba, kisha nitahukumu.

Sasa, mwanamuziki niliyempenda kuliko wote duniani alikuwa jirani yetu, mzee aliyepaka mafuta magurudumu ya treni. Gitaa lake lingemtoa mamba majini akaomba kiti. Alikuwa na santuri moja tu, ya ujana wake. Ilianza na chupa ya limonadi ikigongwa kwa msumari. Halafu gitaa la rumba likaingia, tamu kama dhambi. Halafu akaimba Kiluba. Mwishoni akamshukuru Yesu. Masanduku matatu katika santuri moja! Nikatii sheria. Chupa: Folklore. Na sanduku hilo lilifunguliwa tu siku wakubwa wa serikali walipokuja kutoka Kinshasa.

Ijumaa mzee akanijia.

“Mutoto wangu, mashemeji wanakuja Jumapili kutoka Manono. Walimurudisha bibi yangu kwao, eti gitaa ni kazi ya walevi. Nimewaambia kwamba makarani wanacheza santuri yangu. Wakisikia, wananirudishia bibi. Uniweke kwa Rumba.”

“Lakini inaanza na chupa, Papa.”

“Chupa njo ngoma yetu. Ngoma yenyewe tungeitoa wapi?”

“Sheria ni sheria, Papa.”

Masanduku yale yalipakana. Ningeisogeza kwa kidole kimoja. Lakini nani angejua tena kwamba nimesoma?

Jumapili alikuja na shati jeupe, mashemeji watatu nyuma yake. Tulipiga rumba mchana kutwa. Kila santuri ilipokwisha, mzee aliinua macho kunitazama, nami nikachukua nyingine. Mwishowe shemeji mkubwa akapaza sauti:

“Shemeji, santuri yako inakuja kwa miguu?”

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nusura paa ling'oke. Rais wa serkle akampiga mzee begani: “Papa, leo ni rumba. Mambo ya kijiji yana siku yake.”

Mashemeji wakapanda treni kesho yake. Hata mwezi haukuisha, tukasikia bibi ameolewa Ankoro, na mvuvi asiyejua hata kupiga mluzi.

Kweli siku yake ikafika. Wakubwa walikuja, komite ikatoa sanduku la Folklore pamoja na mwenye santuri. Wakamvua suruali, wakamfunga majani kiunoni, wakampaka chokaa tumboni, wakamwambia acheze mbele ya wageni. Nikaweka sindano. Chupa ikalia, wageni wakapiga makofi ya adabu. Kisha gitaa likaingia. Rais wa serkle, ndani ya abakosti yake mpya, lile koti la wakubwa lisilo na tai, akamshika kiuno mke wa mgeni. Karani mmoja akainuka, akafuata mwingine, mara uwanja ukajaa watu wawili wawili, shavu kwa shavu, wamefumba macho.

Mzee alisimama katikati yao na majani yake. Wakamkwepa kama nguzo. Akanisogelea polepole, chokaa ikimtiririka kwa jasho.

“Mutoto wangu, hii wanayocheza njo nini?”

Chaki ilikuwa mfukoni mwangu.

“Folklore, Papa,” nikamwambia. “Imeandikwa.”

Santuri ikaisha. Rais akapiga kelele bila kumwachia mke wa mgeni: “Rudisha! Rudisha!” Nikairudisha sindano kwenye chupa.