Sindano Katikati ya Barafu

Kaka yangu ni kinyozi, na kwa miaka tisa amenyoa watu akiwa na shati la mikono mirefu, joto liwe kali namna gani. Chini ya mikono hiyo kuna soriasisi: mabaka mekundu yenye magamba meupe, kuanzia viwikoni. Ugonjwa huu hauambukizi, lakini nenda kamweleze hivyo mteja aliyeona gamba limemdondokea begani. Yupo aliyeinuka na kuondoka na nywele za upande mmoja.

Mwaka huu daktari wa ngozi alimwanzishia sindano. Ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, kisha moja kila baada ya wiki kumi na mbili, pengine maisha yake yote. Baada ya ile ya pili ngozi ilisafika. Nilimkuta kibandani amevaa fulana, anaimba, wateja wamejaa hadi mlangoni. Nililia palepale, naye akanicheka.

Dozi ya tatu alipewa akajichome mwenyewe nyumbani. Aliiweka kwenye friji ya mama, rafu ya katikati, kama alivyoelekezwa. Sasa mama yetu anauza barafu za juisi, na anaiamini friza kuliko anavyotuamini sisi wanawe. Umeme ulipokatika, aliogopa dawa isije ikaharibika, akaihamishia juu kwenye friza, katikati ya barafu zake, akaifunika kwa kitambaa safi.

Siku ya kuchoma, kaka aliikuta ngumu kama jiwe. Akampigia nesi simu, nami nikasikia kila neno.

"Imeganda, lakini naona inayeyuka."

"Usiitumie, kaka yangu. Ikishaganda ndiyo basi, hata iyeyuke. Nitakuombea nyingine, ila sijui italetwa lini."

Alikaa kitandani na lile bomba la sindano mkononi. Niliposimama kumfuata mama, kaka alinishika mkono.

"Usimwambie. Atajilaumu mpaka augue."

Mama akaingia na ndoo yake. "Umeshachoma, baba?"

"Nimeshachoma, mama."

"Unaona? Bila friza yangu ungelia leo."

Huu ni mwezi wa pili na nesi hajapiga simu. Mabaka yamerudi, shati limerudi, na kibanda kina viti vitupu. Mama anauliza mbona dawa imechelewa kufanya kazi safari hii. Kaka anamjibu itafanya tu. Nimechoka kuusikiliza uongo huo, na sina ukweli ulio bora wa kumpa.

Leo asubuhi nimemkuta mama anafuta friza. Ametenga kona moja, ameitandika kitambaa.

"Ya kaka yako ikija," akaniambia, "naizungushia barafu pande zote."

Kaka alikuwa mlangoni, anafunga vifungo vya mikono ya shati. Alisikia, akaendelea kufunga.