Nilimfuta Adwoa Nikiwa Nimetoka Kusali

Alhamisi, 14 Novemba 2019. Jioni ile Bristol, Uingereza, ilikuwa na manyunyu na baridi ya kupenya mifupa.

Siku hiyo nilimfuta mtu. Na nilikuwa nimetoka kusali.

Mimi ni fundi bomba, miaka sitini na mmoja, mzee wa kanisa. Shule niliacha mapema, ndiyo maana jioni naenda darasa la watu wazima kusoma mashairi ya kale ya Kiingereza. Darasa letu lilikuwa likinakili daftari la mashairi ya kasisi aliyehudumu kanisani kwetu miaka ya 1680, ili tulichape liwe kitabu.

Tunakaa wawili wawili. Mmoja anasoma ile karatasi kwa sauti, mwenzake anaandika.

Mwenzangu alikuwa Marva Gittens, nesi mstaafu, wazazi wake watu wa Barbados, kizazi cha watumwa. Siku hiyo alikuwa amesahau miwani.

"Taratibu, fundi," akasema. "Hapa hakuna bomba linalovuja."

Nikasoma. Kasisi anamshukuru Mungu kwa kumfungua minyororo ya dhambi. Machozi yakanilenga.

Nikageuza karatasi. Nyuma, mwandiko uleule:

"Leo nimeletewa kutoka melini msichana mweusi niliyemnunua, umri kama miaka kumi na miwili. Nimemwita Grace. Asema jina lake Adwoa. Lisitajwe humu nyumbani."

Nikairudisha karatasi upande wa mbele.

"Nyuma kuna nini?" Marva akauliza.

"Hamna kitu. Madoa ya wino."

Nikajiambia hilo si shairi. Nikajiambia namwonea huruma Marva. Uongo mtupu. Nilikuwa namlinda kasisi wangu.

Wiki tatu nilipiga magoti, maneno hayatoki.

Ikafika jioni ya kupeleka nakala kiwanda cha uchapaji. Mwalimu wetu, Imogen, akauliza, "Kuna aliyeacha chochote?"



Nikasimama. "Mimi." Nikayasoma yale maneno yote.

Marva hakushtuka. Akafungua pochi, akatoa karatasi. Maneno yaleyale, kwa mwandiko wake.

"Nilirudi kesho yake na miwani," akasema. "Usingesimama leo, ningesimama mimi."

"Mbona ulininyamazia, dada?"

"Nilitaka kujua unamwomba nani, Mungu au kasisi."

Ndugu zangu, kasisi aliagiza jina lisitajwe. Miaka mia tatu na ushee imepita, mimi bado namtii. Ukificha dhambi ya marehemu, inakuwa yako.

Nikawageukia wote darasani.

"Mnisikie. Jumapili nitasoma karatasi ile kanisani, mbele na nyuma. Na nitaanza na jina lake: Adwoa."